Makofi kwa Mwenye Ufunguo

Jumamosi ya kwanza ya mchezo, saa kumi na moja kasorobo, Mama Pazia alishika ufagio wake akaingia ukumbini, akakuta watazamaji wameacha maganda ya karanga safu ya tatu, leso moja safu ya tano, na katikati ya jukwaa msichana aliyekufa. Akaanza na maganda.

Waliokuwa wakimwita Mama Pazia walikuwa na sababu. Miaka kumi na tisa ni yeye aliyevuta kamba ya pazia la ukumbi ule, akafagia, akafua mavazi ya mchezo, akapiga pasi kola za watawala. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa ndani ya faili, faili lilikuwa ndani ya droo, na droo ilikuwa haifunguki.

Alipomaliza safu zote alipanda jukwaani na kufagia kuelekea katikati. Ufagio ulipokaribia, msichana alifumbua jicho moja.

"Mama, usinifagie miguu. Nitakosa mume."

"Umeshakufa, mwanangu."

"Najua. Lakini tusiongeze."

Mama Pazia akamzunguka. Gauni jeupe alilolivaa yule marehemu alilijua vizuri, maana alilipiga pasi mwenyewe asubuhi. Lilikuwa na vifungo tisa. Akaweka ufagio chini, akaenda chumba cha mavazi, akakuta gauni lilelile limetundikwa kwenye msumari wake, bado na joto la mwili wa karani wa posta aliyeliigizia. Vifungo tisa. Akarudi jukwaani akahesabu tena. Tisa na tisa. Karani mwenyewe alikuwa ameshanawa uso na kwenda zake nyumbani kuloweka nguo, kwa hiyo huyu alikuwa mwingine.

"Unaumwa wapi?" aliuliza.

"Kifuani. Moshi," alisema msichana, akakohoa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani sana, wa mtunzi ambaye hata picha yake haikubaki, na mji mzima ulikuwa ukiujua kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Binti wa tajiri anakaribia kuozwa mume asiyemtaka. Mwenye Ufunguo, mtu mwema aliyekabidhiwa funguo za maghala yote, anamwonea huruma. Anamficha katika ghala la nafaka, anafunga kwa nje, anatia ufunguo mfukoni na kwenda kumtafuta mchumba wa moyoni wa binti. Njiani wanamwita nyumba hii asuluhishe ugomvi, nyumba ile aombee mtoto, maana mtu mwema hapiti njia moja kwa moja. Siku hiyo ilikuwa siku ya kufukiza ghala dhidi ya wadudu. Mwenye Ufunguo hakuuliza. Mfukizaji, maskini wa Mungu, anakuja kama ajavyo kila mwezi, anasukuma dawa inayowaka kupitia tundu la ukutani, anapangusa mikono na kuondoka. Mwenye Ufunguo anarudi, anasikia mtu akikohoa ndani, anasikia na watu wakija barabarani, anaogopa kukutwa na binti wa watu, anajificha nyuma ya magunia mpaka kikohozi kinakwisha. Mchumba wa binti anasafiri na haonekani tena, kama wachumba wengi.

Mwishoni Mtawala anauliza nani wa kulaumiwa. Mwenye Ufunguo anajitokeza, anaweka mkono kifuani na kusema, "Nilikusudia mema." Hapo ukumbi mzima husimama na kulisema neno hilo pamoja naye, kwa mazoea, kina mama wakijifuta machozi. Mtawala anajibu, "Twakujua u mtu mwema." Kisha Mfukizaji anapelekwa kunyongwa, suruali inamvuka njiani, watu wanacheka, pazia linafungwa.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa na utaratibu wake mmoja, wa tangu enzi za taa za karabai. Anayekufa jukwaani hajiinui. Yule aliyemuua au aliyemponza humshika mkono akamwinua, ndipo wote wawili wakainamia watazamaji. Wazee walisema ni adabu tu. Lakini mwaka huo mwigizaji wa Mwenye Ufunguo alikuwa na magoti mabovu. Makofi yalipoanza hakujishughulisha na aliyelala chini. Alisogea mbele peke yake, mkono kifuani, akapokea. Karani wa posta alingoja, akangoja, mwisho akajizoa mwenyewe akasimama. Na yule aliyestahili kuinuliwa akabaki chini.

Jumatatu Katibu wa ukumbi alikuja kuangalia. Alikuwa mtu wa kalamu mbili, moja nyuma ya sikio na nyingine mdomoni.

"Aliingia na tiketi?"

"Kafia hapahapa," alisema Mama Pazia.

"Basi ni wetu." Akaandika tangazo akalibandika nyuma ya jukwaa: *Marehemu wanaruhusiwa kubaki ilimradi wasizibe mlango wa dharura.* Akatazama kazi yake, akaongeza nukta.

Jumamosi ya pili wakawa wawili. Wa pili alikuwa na vifungo vinane, kwa kuwa kimoja kilidondoka katika kitendo cha tatu. Wa tatu alikuwa na doa la chai begani, kosa la karani. Wa nne alikuwa na kwikwi. Waliweza kuketi na kujisogeza kwa makalio kama watoto wa miezi saba, ila kusimama hawakuweza, na kuwainua haikuwezekana. Mama Pazia alijaribu kwa mikono. Alijaribu tena akiwa na Fundi Kufuli, mlinzi wa ukumbi, kwa kamba na ubao. Kila msichana alikuwa mzito kama ghala na nafaka yake.

"Hawa hawataki nguvu, dada yangu," alisema Fundi akihema. "Wanataka mwenyewe."

"Mwenyewe ana magoti."

"Magoti!" Fundi akatema mate dirishani. "Mimi nilikuwa na duka."

Wakapangwa nyuma ya jukwaa, migongo ukutani. Watazamaji waliwaona wakikohoa kwa zamu na kudhani ni ubunifu. Gazeti likausifu.

Mwigizaji wa Mwenye Ufunguo alikuwa Mwalimu. Mji ulikuwa na walimu wengi, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza kitu, hata mbwa walijua unamsema nani. Alikuwa amefundisha nusu ya mji kusoma na nusu nyingine kuomba radhi. Aliigiza nafasi ile miaka ishirini na sita, na mwaka huo ulikuwa wa mwisho. Baada ya Jumamosi ya sita ukumbi ungepewa jina lake, kibao kilishachongwa. Alikuwa mtu mwema kweli. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu lilisemwa na kila mtu, kila mara, hata pale lilipokuwa haliulizwi.

Miaka mitatu kabla ya hapo, binti pekee wa Mama Pazia alirudi nyumbani kwa mama yake na begi moja na sikio moja lisilosikia. Walimwita Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla ya meno na hakupumzika. Mumewe alimpiga upande ule wa sikio. Mwalimu aliyasikia, akaumia moyoni. Akaenda kwa mume, wakakaa, mume akalia. Mwalimu akayaamini machozi yale kwa kuwa yeye mwenyewe hulia anaposema kweli. Akaandaa kikao cha suluhu sebuleni kwake: viti viwili, vikombe viwili, chai kwenye chupa. Akawaingiza wote wawili, akasema, "Zungumzeni, wanangu, hapa hakuna wa kuwasumbua." Akafunga mlango kwa nje, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kununua mkate.

Aliporudi, akiwa bado getini, alisikia kelele. Akajiambia vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Akazunguka mtaa mara ya pili ili awape nafasi. Alipofungua mlango, mkate ulikuwa bado wa moto.

Mume alikwenda gerezani na huko atazeekea. Huyo hana mjadala. Lakini watu walitaka kujua habari za mlango. Mahakama ikakaa siku mbili juu ya mlango, ikagundua kwamba kufuli lake halikuwa na komeo la ndani, na kwamba fundi aliyelitia alipaswa kumshauri mteja wake. Fundi Kufuli akapigwa marufuku kugusa kufuli la aina yoyote kwa miaka kumi. Duka likafungwa na mtu mwingine, maana yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulifunga. Ukumbi ukamwonea huruma ukampa kazi ya ulinzi, na kwa kuwa alikuwa amekonda, ukampa na nafasi ya Mfukizaji. Kila Jumamosi alinyongwa.

Mwalimu alitoa ushahidi akilia. Hakimu akaagiza aletewe maji. Mazikoni wanawake wawili walimpepea kwa kanga zao, wakimwambia ajikaze, asijilaumu, nia yake Mungu anaijua. Mama mtu alijipepea mwenyewe.

Alichotaka Mama Pazia hakikuwa kikubwa. Hakutaka Mwalimu afungwe wala atukanwe. Alitaka kusikia sentensi moja kutoka kinywa kile kilichofundisha mji mzima kusema: mimi ndiye niliyefunga mlango. Miaka mitatu Mwalimu alimletea sukari, alimletea shuka, alimletea maneno ya faraja aliyoyaandika kwa mwandiko mzuri ajabu. Mlango ule aliutaja mara moja tu, akisema ulikuwa umefungwa, utadhani milango ya mtaa ule huamka asubuhi ikajifunga yenyewe.

Jumamosi ya tano, ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu, Mama Pazia aliketi chini karibu na wale wasichana, akanyoosha miguu.

"Nina swali," alisema. "Na wangu atakuja?"

Wakatazamana. Yule wa kwanza ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa amekufa muda mrefu kuliko wenzake na alijiona mkubwa.

"Sisi tunauawa kila Jumamosi, mama, na watu wamekaa wanatazama. Wako aliuawa mara moja, chumbani. Hawezi kufika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama Pazia akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka halina chumvi. Wa nne akapiga kwikwi.

"Nasi tuna swali," alisema yule wa vifungo vinane. "Mwalimu alifunga. Haya. Lakini nani alimfikisha mlangoni? Mimi kwenye mchezo nilikwenda kwa miguu yangu. Wako naye alikwenda kwa miguu yake?"

Mama Pazia aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kumwaga maji na kuchota mengine. Yale aliyomwaga yalikuwa safi.

Jumamosi ya sita alimfuata Mwalimu chumba cha kujipambia, nusu saa kabla ya mchezo. Mwalimu alikuwa akijipaka unga kwenye ndevu, ingawa zilikuwa nyeupe tangu zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dada. Karibu, karibu. Umelia?"

"Nimefagia. Vumbi. Mwalimu, wale watoto wanataka kuinuliwa."

"Nawaona. Nawaombea sana." Akapapasa magoti yake kwa huruma. "Daktari amenikataza kuinama."

"Inama mara moja."

"Ni watano, dada. Na leo wa sita."

"Basi usiiname. Sema. Sema tu nani alifunga."

Mwalimu akaweka brashi chini. Machozi yalikuwa tayari, hayakuwahi kuwa mbali. "Dada yangu, wewe hujui ninavyoishi. Hakuna siku inayopita. Mungu ananiona, nilikusudia mema."

"Najua ulikusudia mema. Mji mzima unajua, wanalisema kwa pamoja wakisimama. Sikukuuliza ulikusudia nini. Nimekuuliza nani alifunga."

"Una uchungu."

"Ndiyo. Na nina masikio. Nasubiri."

Kengele ikapigwa. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye unga, akasema atalifikiria, na Mama Pazia akaenda kwenye kamba yake akiwa na mkono mweupe.

Mchezo ulikwenda vizuri. Karani wa posta alikufa vizuri kuliko Jumamosi zote. Mtawala akauliza nani wa kulaumiwa, Mwenye Ufunguo akajitokeza, akaweka mkono kifuani, na watu wakaanza kuinuka vitini, vinywa wazi, tayari kulisema neno lao.

Mwalimu hakulisema.

"Mimi ndiye niliyefunga mlango," alisema. "Na si wa ghala peke yake. Sebuleni kwangu, mtoto wa Mama Pazia, nilimfungia mimi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilisikia kelele nikiwa getini, nikaenda kuzunguka mtaa."

Mama Pazia alishikilia kamba kwa mikono miwili. Sentensi yake ilikuwa imesemwa, yote, na nyingine ambayo hakuiomba. Alisikia kitu kikifunguka chini ya mbavu, akadhani ndiyo mwanzo wa kupumua.

Ndipo bwana mmoja wa safu ya pili akapiga makofi.

Akafuata mkewe. Ikafuata safu, ikafuata sakafu, ikafuata roshani. Watu walilia waziwazi. "Mtu mwema huyu!" walisema. "Mnaona anavyojishusha?" "Nani mwingine angesema?" Mama mmoja alimnyanyua mjukuu wake aone, aje asimulie. Walipiga makofi dakika kumi na moja, Katibu alizipima. Katika dakika ya nne nyayo za Mwalimu ziliachana na mbao za jukwaa. Kwanza kimo cha kidole, kisha shubiri, na kufikia dakika ya tisa alikuwa juu kimo cha kigoda, mkono bado kifuani, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Wasichana wakamnyooshea mikono. Mikono sita, wa sita akiwa bado amelala palepale alipofia, karani akiwa ameshajizoa. Mwalimu aliwaona. Akajaribu kuinama kadiri mtu mwenye magoti anavyoweza kuinama hewani. Vidole vyake na vya yule wa karibu vilikosana kwa urefu wa kijiko.

"Samahani, wanangu," alisema, na alimaanisha. "Siwafikii."

Kila alipojaribu kushuka, makofi yalimrudisha juu.

Fundi Kufuli alikuwa pembeni, kitanzi shingoni, akingoja. Walimsahau. Walipomkumbuka, walimpeleka kunyongwa kama kawaida, suruali ikamvuka, watu wakacheka huku machozi yakiwatoka, wakasema hawajawahi kuona mchezo mzuri namna ile. Mama Pazia akafunga pazia kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Nje, vijana wawili wa kwaya walimwongoza Mwalimu kwa mikono ya shati ili upepo usimchukue. Akawasimamisha mbele ya Mama Pazia.

"Nimetua, dada," alisema kutoka juu. "Miaka mitatu mzigo ule. Nimetua. Ahsante kwa kunisukuma."

"Umeutua wapi?"

"Eh?"

"Mzigo. Umesema umeutua. Umeutua wapi?"

Mwalimu alitaka kujibu, alikuwa mtu wa kujibu, lakini upepo ulivuma kutoka upande wa soko na vijana wakalazimika kukimbia naye. Ukumbini mbao za jukwaa zililia chini ya wasichana, na mbili zikapasuka.

Jumatatu asubuhi Fundi Kufuli alivaa shati lake la mahakamani akaenda ofisini kwa Katibu. Akasimama, kofia mkononi.

"Amekiri," alisema. "Umesikia, mji mzima umesikia. Si kufuli, ni yeye. Niandikie barua nipeleke, nirudishiwe kazi yangu."

Katibu akahamisha kalamu kutoka mdomoni kwenda sikioni. Pale palikuwa na nyingine, akairudisha mdomoni.

"Fundi, alisema ndani ya mchezo."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli, ndiyo. Lakini ndani ya mchezo. Mahakama haipokei michezo. Halafu, ndugu yangu, mtu kajinyenyekeza vile, wewe unamfuata na barua? Hebu fikiria picha yake."

Fundi akafikiria picha yake. Akavaa kofia akarudi getini. Alasiri ileile Katibu aliyaandika maneno ya Mwalimu kwa wino mweusi katika nakala ya mchezo, mahali pa yale ya zamani, ili watakaokuja wayajue kwa moyo na kuyasema kwa pamoja.

Kibao kilipigiliwa Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, ndani ya ukumbi, kwenye ukuta ulio karibu na ngazi za jukwaa. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwalimu alikuwapo, amefungwa kwa mtandio kwenye mkono wa kiti cha heshima, akielea taratibu kama nguo kwenye kamba. Watoto waliruhusiwa kumgusa viatu, mmoja mmoja. Wasichana sita walikuwa wamejisogeza mpaka ukingoni mwa jukwaa kuangalia. Ilikuwa tabu kwao; mwendo wa hatua nne uliwachukua tangu alfajiri.

Katibu alisoma wasifu. Halafu akamwinamia Mama Pazia, aliyekuwa ameshika kitambaa cha kufutia kibao.

"Mama, na wewe useme mawili matatu. Kama mzazi. Hata la kusamehe, likija lenyewe."

"Lisipokuja?"

"Sema tu, mama, watu wanakupenda."

Mama Pazia akakunja kitambaa mara nne. Hakuwa amepanga kusema. Lakini alimtazama Mwalimu pale juu, akaona soli za viatu vyake zilivyo safi, na hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Chiriku hakutaka kwenda," alisema.

Akaweka kitambaa chini.

"Siku ile aliniambia, mama, siendi, namwogopa. Nikamwambia Mwalimu ni mtu mzima, hawezi kukupeleka pabaya. Akasema, mama, mimi namjua yule bwana, wewe humjui. Nikamwambia watu watatuonaje, tumeitwa na Mwalimu tukatae? Nikampigia pasi gauni. Nikamsindikiza. Tulipofika kwenye kizingiti aligeuka arudi, nami nikamshika mabega, hivi, nikamgeuza nikamsukuma ndani. Mwalimu alifunga. Mimi niliingiza. Na msiniambie nilikusudia mema, maana nilijua anaogopa. Aliniambia kwa mdomo wake. Nilijua, na nikampeleka kwa sababu niliona haya kukataa wito wa mtu mwema. Ninyi nyote mngempeleka. Ndiyo maana hamtaki kuuliza."

Hilo lilikuwa neno lote alilokuwa nalo. Lilitoka kavu, na halikuwa na chozi.

Katibu, macho yamejaa maji, akainua mikono yake miwili na kuitenganisha.

Mama Pazia aliidaka hewani kabla haijakutana.

"Usipige."

"Mama, umesema maneno mazito sana..."

"Usithubutu. Sikusema nipigiwe. Nimesema mjue."

Mikono ya Katibu ilifurukuta ndani ya mikono yake kama kuku wawili, lakini miaka kumi na tisa ya kuvuta pazia si mchezo, na haikutoka. Katibu hakupiga. Wa kwanza alikuwa bwana wa safu ya pili, yuleyule. Kisha mkewe. Kisha safu.

"Acheni!" alisema Mama Pazia. "Nimewaambia acheni!"

"Mama mwenye moyo huyu!" mtu akapaza sauti kutoka roshani.

Alisikia visigino vyake vikinyanyuka. Akavikandamiza chini, vikanyanyuka tena. Akamwachia Katibu, akakimbia ngazi za jukwaa kwa ncha za vidole, kila ngazi ikimgusa kidogo kuliko ile ya nyuma, na alipofika juu alikuwa akiukwangua ubao kwa kucha za miguu tu. Kelele za makofi zilimjia mgongoni kama mikono inayomsaidia kupanda.

Akajitupa katikati ya wasichana.

"Nishikeni," alisema. "Msiniachie hata kidogo."

Wakamshika wote sita, kwa uzito wao wote, kiunoni, vifundoni, kwenye nywele, mahali alipokuwa akiumia na mahali alipokuwa haumii. Akakaa chini. Mwalimu, kutoka kwenye mtandio wake, alikuwa akilia kwa furaha na kupiga makofi kuliko wote.